Shimo la Kidole Gumba

Miaka ishirini na mitatu nimesaga posho hapa Chavakali,
nyusi nyeupe kabla ya uzee,
masikio mazito kwa injini ya dizeli.
Gorogoro kwa gorogoro nilijiambia:
kijiji hiki kinasimama kwa mkono wangu.

Ndiyo maana nilimsifu Kisia,
mtoto wa binti yangu Kageha,
mashavu mviringo, miguu imejaa.
"Ugali wa babu huo!" nikawaambia wateja.

Muuguzi Mideva hakucheka.
Alibonyeza mguu kwa kidole gumba,
akahesabu kimoyomoyo, akaachilia.
Shimo likabaki,
kama bakuli dogo lisilo na mboga.

"Anakula," nikasema. "Asubuhi uji, mchana ugali, jioni ugali."
"Kwa nini?"
Kwa chumvi. Kwa maji ya sukuma.
Mama yake yuko Kericho anachuma chai.

Akanitajia mengi: minyoo, kuhara,
ziwa lililokatizwa mapema.
Lakini neno moja liliniganda kama pumba kwenye shati:
laisini.
Mwili hauwezi kuitengeneza, huiomba nje,
na mahindi, haya mahindi yangu,
huipima kwa kijiko cha bahili.

Mimi mtu wa mashine nilielewa.
Niliwahi kuwa na injini nzima, ukanda mpya, dizeli tele,
nati moja ikapotea,
siku tatu watu wakarudi na magunia yao vichwani.
Ndivyo nyama ya mtoto inavyojengwa:
vipande vyote foleni,
vikimngoja mmoja ambaye hajafika.

Nani alinidanganya? Hakuna.
Unga haukuwahi kusema unatosha.
Mimi ndiye niliyeusemea.

Maharagwe yanayo. Omena wanayo.
Nayo maharagwe yana pengo lao,
mahindi huliziba.
Nyanya yangu alivichemsha chungu kimoja
nami, kijana wa shati jeupe,
nikasema hicho ni chakula cha fukara.

Sasa kando ya mizani kuna debe la maharagwe.
Wapo wanaonong'ona msagaji kapata ujanja mpya.
Na waseme.

Kila jioni nanawa, nabonyeza mguu wa Kisia.
Leo ngozi iliinuka,
polepole, kama mtu aliyeitwa jina usingizini.
Guniani, nyuma yangu,
unga bado umeshika alama ya gumba langu.