Uso Usiokauka

Mwalimu Chidawali alisema: anza na kivuli,
nuru itajileta yenyewe.
Nikaanza na shangazi Ndahani
uani kwetu Nkuhungu, juu ya ndoo aliyoipindua,
vidole bado vinateleza mlenda.

"Usinifanye mzuri," akasema. "Nifanye mimi."

Nilidhani ngozi ni kahawia tu.
Kumbe chini ya jicho mna kijani,
shavuni zambarau, kama zabibu ya Hombolo
hujaipangusa bado,
na ile ndewe iliyotobolewa na kuvutwa
tangu yu mtoto wa kuchunga mbuzi,
jua likipita nyuma yake, inawaka
wekundu mwembamba.
Ndewe hiyo niliifuta mara nne.

Mafuta ya kitani yalikwisha Jumanne.
Madukani hawayajui.
Nikachanganya rangi na alizeti ya Singida,
ile ile ya kukaangia.

Wiki ya kwanza, mbichi.
Ya pili, mbichi.
Ya tatu upepo wa Agosti ulipiga dirisha usiku kucha,
na kulipopambazuka
uso wote una vumbi jekundu, limenasa,
brashi hailitoi, tapentaini hailitoi.

Nikakaa chini, kilio kooni.

Shangazi akaja na kikombe chake cha uji.
Akasogea. Akarudi nyuma hatua tatu,
kama nilivyofundishwa mimi.
Akagusa paji lake la uso, kisha la yule,
akatazama kidole.

"Hapo sasa," akasema.
"Jana alikuwa amenawa mno."