Usiguse Meza

Ilikuja ndani ya boksi la sabuni
kwa boti ya mizigo kutoka Kalemie,
malipo ya jenereta aliyoifufua Bakome,
mjomba wangu, fundi redio wa Mwanga.
Kibao cheusi, vitufe vya mpira
laini kama sikio la mbuzi mchanga.
"Hii ni kompyuta," akasema,
nasi tukachungulia ndani ya boksi
tukitafuta iliyobaki.

Televisheni yake ilizoea habari za Bujumbura,
watu wa chenga wakisema Kirundi.

Mchezo ulikaa kwenye kaseti.
Unabonyeza, unasikiliza:
bati likikwaruzwa na msumari,
dakika tano, siku nyingine sita,
na pembezoni mwa kioo michirizi
ya bluu na njano ikipanda
kama kitenge kinachokung'utwa.
Sauti iwe pale pale penye alama
aliyoipaka Nyanzira kwa rangi ya kucha.
Ikizidi, haisomi. Ikipungua, haisomi.
Mwenye kikohozi akakohoe uani.
"Usiguse meza!"
Hatukuwa na sala nyingine fupi hivyo.

Halafu anatokea.
Kijitu cha vidoto, hana uso, hana jina.
Tulimwita Karani
kwa vile alitembea haraka bila kubeba kitu.
Kazi yake kuvuka mto.
Mamba ni mstari wa kijani.
Akikanyaga vibaya analia pii,
na maisha yanabaki mawili.

Nyanzira alimvusha mara arobaini na moja.
Aliandika kwa mkaa ukutani, nyuma ya pazia,
mama yake asione.
Alikuwa akitoka kuanika dagaa, hanawi,
na kitufe cha kuruka kilinuka ziwa
mpaka mwisho wa uhai wake.
Mimi sikupita kumi na mbili.
Niliruka mapema, kila mara mapema.
"Unaogopa mto usiolowesha," akanicheka.

Umeme ukikatika hakibaki kitu.
Karani hayupo, mto haupo,
ni ile namba ya mkaa tu.

Siku moja Mama Nyanzira alitafuta kaseti
amrekodie salamu mwanawe, Rusimbi,
aliyekuwa machimboni Mpanda.
Akasema kidogo, akajisikiliza,
akaona haya kwa sauti yake mwenyewe,
akaizima, akairudisha mahali pake.

Jioni tukaweka mchezo. Bati likakwaruza
dakika moja hivi, kisha ghafla:
"Rusimbi mwanangu, sisi huku hatujambo,
mvua imenyesha, yule mbuzi kazaa pacha..."

Na mashine, maskini, ikaendelea kusoma.
Michirizi ikacheza kwa kila neno,
ikaruka kwenye "mwanangu",
ikatulia alipovuta pumzi,
ikimtafuta Karani
katikati ya mvua na mbuzi.
Mjomba alisimama mlangoni na bisibisi mkononi.
Hakuna aliyegusa meza.
Mwisho ikakata tamaa,
ikaandika mstari mmoja kwamba kuna kosa.

"Rudisha nyuma," akasema Nyanzira.
"Tusikie tena pale pa mbuzi."

Siku hizi mchezo ule ninao kwenye simu.
Unafunguka kabla sijakaa vizuri,
hauniombi ninyamaze.
Juzi, kwenye foleni ya benki,
nilimvusha Karani mara thelathini na nane.
Nikampiga picha, nikamtumia Nyanzira,
yuko Kasulu, ana wajukuu na duka la mbegu.
Nikaona anaandika. Akaacha. Akaandika.

"Bado tatu."

Nikaondoa kiwiko changu juu ya kaunta.