Siri Haina Miguu

Raimo alisema siri haina miguu,
ukiona imetembea, ujue imebebwa.
Kwa hiyo nywila zake, mia mbili na kumi na nne,
alizifungia ndani ya programu moja, ndani ya simu moja,
na programu akaizibia njia zote za kutokea:
hakuna wingu, hakuna nakala, hakuna mke.

Mimi nilikuwa mtu wa mawingu.
Nikibadilisha nywila ya benki jikoni,
kabla kahawa haijapoa imeshafika ofisini,
imeshafika kwenye kishikwambi kando ya kitanda,
hata kwenye ile saa ya mkononi niliyozawadiwa kazini.
"Umeacha mlango wazi," aliniambia.
"Na wewe umejifungia ndani, ufunguo ukaumeza."
Miaka sita tulikula chakula cha jioni juu ya neno hilo.

Ikaja Februari, Kuopio,
nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Tumetoka sauna, ngozi zinafuka mvuke,
tunaelekea tundu lililokatwa kwenye barafu ya ziwa.
Koti lake lina mfuko wenye zipu.
Joho la kuogea halina.
Aliinama kushika ngazi.
Sikusikia kishindo. Nilisikia chubwi,
kama kijiko kilichoponyoka ndani ya supu.
Akasimama na soksi zake za sufu
akiyatazama maji meusi,
na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu
hakuwa na la kusema kuhusu usalama.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka hadi kope zikaganda.

Wiki tatu alipanga foleni. Benki. Kodi. Bima. Duka la dawa.
Lakini picha za mama yake, miaka kumi na moja ya picha,
zilibaki nyuma ya neno la herufi thelathini
ambalo mwizi asingelibuni kwa miaka elfu,
wala yeye.
Kwa hilo sikucheka.

Aprili, theluji imekuwa tope, kengele ya mlango ikalia.
Eelis, mtoto wa ghorofa ya chini, miaka tisa,
amekumbatia kishikwambi changu cha zamani
tulichompa Krismasi achezee michezo.
Alivua viatu kwanza, kama alivyofunzwa.
"Samahani. Nywila yako mpya ya benki imetokea tena.
Ile ya jana ilikuwa rahisi kusoma."

Ile ya jana.

Nilipata baridi ambayo tundu la ziwani halijawahi kunipa.
Miezi minne nilikuwa namtumia mtoto wa watu funguo zangu,
mmoja mmoja, bila kukosea anwani,
na kilichoniponya ni malezi ya mama yake.
Malezi ya jirani si kufuli.

Raimo alisikia yote kutoka sebuleni.
Hakucheka. Alikwenda kubandika kahawa.

Usiku ule tuliandika orodha ya vifaa
tukavikata kama matawi: saa, ofisi,
simu mbovu iliyosahauliwa kwenye droo ya soksi.
Vikabaki viwili, na waya.
Jumapili baada ya sauna
tunaunganisha simu yangu na yake, dakika moja,
nywila zinavuka, tunachomoa.
Maneno sita ya kufungulia yote yameandikwa kwa penseli:
matatu yapo ndani ya kopo la vifungo la bibi yake,
matatu kwa dada yangu Oulu,
ambaye hakuambiwa ni ya nini, na anadhani ni shairi.

Raimo anasema kila Jumapili ni mara nyingi mno.
Jumatano iliyopita mimi nilikwama posta:
kifurushi kile pale, nakiona,
nywila mpya iko nyumbani, kwenye simu yake,
na watu kumi nyuma yangu wanakohoa.
Nikarudi mikono mitupu, kwa miguu, kwenye mvua,
nikimtukana mume wangu kwa sauti ndogo
na kwa heshima.