Mbuzi wa Polixeni

Tulipanda mlima Pelio usiku, miguu imefungwa matambara,
baba na cherehani mgongoni, kana kwamba
huko juu kuna mtu angehitaji suti.
Nyuma yetu Volos ilikuwa giza tupu.
Nilikuwa na miaka tisa na jina moja.

Polixeni alitufungulia bila taa,
mjane mkavu, ananuka maziwa na moshi.
Hakuuliza lolote. Alipapasa viatu vyetu,
akasema, "Vya mjini hivi. Vueni,"
akavitia tanurini, vikaungua hadi alfajiri.

Chini ya ghala lake la matufaha palikuwa na shimo.
Babu yake alilichimba kuficha ngano
isionwe na mtoza kodi wa Waturuki.
Humo tukaingia watano:
baba, mama, bibi Mazalto, mimi,
na Pepo, mdogo wangu, mwenye kifua kibovu.

Tulijifunza kupiga chafya kwa ndani.
Kulia kwa mabega.
Mama na baba waligombana kwa kuandikiana viganjani,
wakanuniana wiki nzima, na hakuna pa kwenda kununa.
Pepo akikohoa, mama alimziba kwa kitambaa
kilicholoweshwa pombe ya zabibu,
kisha akaweka sikio puani mwake, akangoja.

Juu yetu matufaha yalilala kwenye majani makavu,
kila moja mbali na mwenziwe,
maana likioza moja, unajua.
Kila Jumamosi Polixeni aliyageuza, moja baada ya moja,
nasi tuliijua Sabato kwa mkwaruzo huo.
Wiki aliyougua homa, Sabato ilipotea.
Ndiyo maana Pasaka yetu ilichelewa siku saba,
Pasaka ya kiazi na chumvi.
Bibi Mazalto alipogundua alicheka bila sauti:
"Mungu anajua nani aligeuza matufaha
na nani hakuweza kuinuka."

Husemwa siri ni ya mtu mmoja.
Yetu ilikuwa ya nyumba arobaini.
Mtu aliacha jibini juu ya ukuta. Mtu aliacha soksi.
Hatukuwahi kujua ni nani, na sijui mpaka leo.

Gizani mama alinifundisha karatasi zangu.
"Unaitwa nani?" "Es—" Kofi kiganjani.
"Unaitwa nani?" "Stavrula."
Aliniamsha usiku wa manane: "Nani?"
"Stavrula. Stavrula binti Yorgos."
Baba, aitwaye Menahem, aligeukia ukutani.

Polixeni alikuwa na mbuzi wa pembe moja, Marigo.
Njia ikiwa salama aliita, "Marigo! Marigo!"
na kengele ikajibu ikishuka bondeni.
Wakija askari angeita, "Fotini!"
Fotini hakuwepo. Fotini alikuwa sisi.

Asubuhi ya Februari, theluji hadi magotini,
nikasikia: "Fotini! Wee Fotini!"
Mara ya tatu sauti yake ikakatika kama uzi.
Kisha mabuti. Vumbi likatudondokea machoni.
Tufaha moja likabingirika, gudu, gudu,
likasimama juu ya utosi wangu.
Mtu akaliokota, akalitafuna pale pale,
taratibu, hadi kokwa.
Mama alikuwa na Pepo chini ya kitambaa.
Nilihesabu mpaka mia tatu na kumi.

Na nje, kengele kimya.
Baadaye Polixeni alitusimulia:
Marigo alisimama uani akimkodolea macho,
akimsikia bibi yake anaita na kuita,
asisogeze hata kwato.
Si jina lake.

Oktoba tukateremka, watano, na cherehani yenye kutu.
Bandarini palikuwa na foleni ya unga, watu wengi,
nami nilikuwa nimesogea mbele kuchungulia magunia.
Mwanamke mmoja akaita nyuma, "Estrea!"
Akaita tena kwa sauti kubwa, bila kuogopa, "Estrea!"
Nikageuka pamoja na wengine
kumtafuta huyo mtoto
asiyemwitikia mama yake.