Chini ya Mstari

Baba aliniambia: "Usianze na uso.
Uso wa Kaisari ulichongwa ili uutazame.
Geuza."

Nami nageuza, miaka kumi na moja tangu tumzike,
mezani jikoni, hapa Sisak, dirisha likitazama mto Kupa
ambao leo una rangi ya chai iliyosahauliwa.
Alituapia kwamba sarafu aliziuza.
Tetemeko lilipoupasua ukuta wa ghala
likatutolea kopo la biskuti,
na ndani yake shaba mia na kitu,
zimeshikana kama tende za mwaka juzi.

Nina mswaki, maji yaliyochujwa, mwiba wa waridi.
(Sindano hukwaruza, alisema; mwiba una adabu.)
Kwanza unautafuta mstari, ule ulionyooka
chini ya miguu, kama sakafu.
Juu yake ni utukufu: Kaisari na bendera,
mateka kashikwa nywele, magoti yamekunjika.
Chini yake ni chumba cha watu wa kazi.
Humo ndimo wameandika mji.

Wameandika, ndiyo, lakini kwa ubahili.
A peke yake ina wagombea wanne:
Antiokia, Akwileia, Arelate, Aleksandria,
na kila mmoja anakuapia ni yeye.
SMN ni Nikomedia, SMH ni Heraklea;
kutu ikikaa katikati ya miguu miwili
N na H ni mapacha, hata mama yao angewachanganya.
Jirani yangu Stanka, aliyekuja kuazima kitunguu,
akainama juu ya lenzi:
"Mbona hiyo ni tarakimu tano?"
Ilikuwa S. Kitunguu akakisahau.

Nusu saa ya mwiba. Kijani kinadondoka
kidogo kidogo juu ya gazeti la jana.
S.
I, nyembamba, karibu nimfute.
S tena, na C iliyokatwa na ukingo.

Siskia. Yaani hapa.
Yaani ilifuliwa pengine hatua mia tatu kutoka jiko langu,
na kwa karne kumi na sita
haikufika popote.

Na mbele ya jina, herufi moja ya Kiyunani,
Γ,
jembe lililoegemezwa ukutani.
Karakana ya tatu.

Nilipokuwa mtoto nilidhani ni fahari,
fundi anaringia kazi yake. Baba alicheka mpaka akakohoa.
"Fahari iko juu ya mstari, Ljerka.
Hii ni ya kumkamatia mtu.
Sarafu ikipungua uzito, mkaguzi anauliza:
jembe ni nani?"

Alijua. Miaka thelathini na moja kwenye kiwanda cha chuma
aligonga tatu kwenye midomo ya mabomba,
tatu, tatu, zamu ya tatu,
mpaka usingizini kidole chake kiligonga ubao wa kitanda.
Majira fulani ya baridi bomba likapasuka mji wa mbali.
Wakaja wanaume wawili na kipande ndani ya gunia,
wakakiweka juu ya meza hii hii,
namba ikitazama dari.
Hakusema kwamba chuma kilikuja na ufa wake kutoka tanuri la juu,
na kwamba aliripoti, na kwa nani.
Aliomba kalamu.
Nusu mshahara, miaka miwili.
Ndio mwaka alioapa kwamba sarafu ameziuza,
na mama akaenda kufua mashuka ya hospitali.

Sijui nimkasirikie nani.

Naileta lenzi karibu zaidi.
Mguu wa jembe umegongwa mara mbili:
mtu aliteleza, au alichoka,
au aliitwa jina lake wakati nyundo iko hewani.
Naiweka sarafu kwenye mizani ya unga.
Mshale hautikisiki.