Wastani

Babu yangu alichonga majina ya Vita Kuu ya Kwanza,
baba akachonga ya Pili,
mimi nimechonga yaliyobaki.
Karakana ni ileile, nyuma ya ghala la mahindi,
na bei imeandikwa mlangoni kwa chaki:
herufi moja, dola kumi na nne.

Jiwe lenyewe lipo mbele ya mahakama,
graniti ya kijivu, theluji hulipenda.
Upande wa kaskazini ni Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe:
arobaini na mmoja.
Kaunti ilikuwa na deni, fundi wa enzi hizo akaambiwa abane,
jina la ukoo, na herufi moja ya mbele.
E. Lindqvist. A. Lindqvist. A. Lindqvist.
Hizo A mbili, hakuna tena ajuaye ni nani na ni nani.
Kifo cha wengi harusi: siku ya kulizindua, kumbukumbu zasema,
palikuwa na matarumbeta na nyama ya kuchoma.

Vita Kuu ya Kwanza, tisa.
Sita kati yao hawakusikia hata bunduki ya adui;
mafua yaliwakuta kambini, Kansas, wakifundishwa kupiga saluti.
Babu aliwachonga kwa kina kilekile.

Ya Pili, ishirini na watatu, na herufi zimenona,
mwaka ule mahindi yalikuwa na bei.
Korea, watatu.
Walisahauliwa miaka thelathini na mitatu,
kisha wakapewa ubavu unaotazama maegesho ya magari.
Vietnam, sita.
Wa nne ana glovu yangu ya besiboli mpaka leo.

Iraki, mmoja: Krystal Aune, dereva wa lori.
Afghanistan, mmoja: Kou Xiong.
Baba yake alikuja na bahasha,
akahesabu herufi kwa kidole, juu ya meza yenye vumbi,
nane,
akaomba radhi kwamba jina ni fupi.
Hasara roho, mzee, pesa makaratasi.
Nikamrudishia bahasha. Akaiacha chini ya patasi.

Mwezi Machi kamati ilikutana chini ya kanisa la Kilutheri,
kahawa nyepesi, keki ya rubabu.
Ajenda: upande wa kusini uachiwe nafasi kiasi gani?
Bwana Stenerud, aliyetufundisha hesabu sote,
akatoa kikokotoo mfukoni.
Akajumlisha kaskazini na ubavu na mgongo,
themanini na wanne,
akagawa kwa vita saba.
"Kumi na mbili," akasema, "haina hata desimali,"
na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyepata jibu.

Ndipo Verna Dahlgaard akasimama, koti halijavuliwa.
Kaka yake, Royce, alirudi kutoka Iraki mzima,
mikono miwili, miguu miwili, medali.
Akakaa miaka minne. Kisha karakana ya gari, mlango umefungwa, injini inanguruma.
"Yeye mnamweka kwenye vita ipi?"

Kijiko kikagonga kikombe.
Kanuni zikasomwa. Kura zikapigwa, nne kwa tatu.
"Nafasi kumi na mbili," Verna akasema,
"za watu ambao bado hawajafa,
na wangu mmeshamzika lakini hapati."
Akatoka. Keki yake akaiacha nzima.

Nilipiga kura na wale watatu,
lakini kazi niliifanya, kwa sababu mkataba ni mkataba.
Nimelainisha upande wa kusini kwa siku tisa,
nikachora mistari kumi na miwili kwa penseli, hafifu,
isionekane ila ukiinama.

Basi la shule hupita saa moja na nusu.
Wanaolisubiri wameshagundua kwamba upande ule
hushika jua mapema kuliko kiti chochote cha uwanjani,
wakalipa jiwe mgongo, wakala chipsi, wakasukumana.

Leo asubuhi nilijizuia kuwahesabu.