Steringi Hafi

Kiingilio shilingi tano, na kama huna,
lete chupa mbili za soda, tupu, zisizo na ufa.
Kibanda cha Makokha kilikuwa nyuma ya mashine ya posho, Kariobangi,
mabati kushoto, mabati kulia, gunia mlangoni,
nasi tumebanana kama njiti kibiritini
tukimngoja mtu mmoja.

Mmoja tu. Wenzake wameshakufa kabla jina la picha halijaandikwa.
Mke kachomewa ndani ya nyumba, mbwa kapigwa risasi,
naye wala hakulia; aliinama, akafunga kamba za viatu.
Hapo tulijua kazi imeanza.

Risasi zilimwogopa. Zilipiga chupa, zilipiga taa,
zilipiga vioo vya magari ya watu wasiohusika,
yeye zikampitia sikioni kama mbu walioshiba.
Na ikimpata moja, ilimpata begani.
Daima bega. La kushoto.
Alijishona mwenyewe kwa uzi wa ndoana,
kauma mkanda wa suruali,
nasi tukauma kola za mashati ya shule.

Siku moja mama alikuja kunitafuta, mwiko mkononi.
Nilijua sikio langu limekwisha.
Lakini alisimama pale penye gunia, akatazama kidogo,
akauliza, "Huyu hana kwao?
Shati hilo nani atamfulia?"
Kibanda kizima kilicheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Kanda yenyewe ilikuwa imetafunwa na mashine.
Kila mara steringi akifika kwenye ngazi za kiwanda,
adui mkuu juu, yeye chini, kisu kimoja, watu arobaini,
picha ilitetemeka, ikaota mistari, ikawa chenga tupu.
Makokha alizima, akasimama mbele ya kioo,
akajipangusa jasho kwa kofia,
akatumalizia kwa mdomo.

Jumatatu adui alirushwa dirishani.
Ijumaa alizama katika tangi la chuma kinachochemka.
Krismasi, kwa kuwa tulilipa kumi, tulipewa helikopta.
Na steringi je?
"Steringi hafi," alisema Makokha,
kama mtu anayetaja bei ya sukari.
Tukatoka mbio gizani, kila mmoja na kidole chake cha bunduki,
na hakuna aliyekubali kuwa rafiki wa steringi,
maana rafiki wa steringi hufa mapema.

Mwaka ule, nadhani ilikuwa Juni, Simiyu, mwanawe Makokha,
alitoka usiku kumfuata aliyemwibia baiskeli.
Alikataa kuamsha mtu.
Miaka kumi na tisa, na kanda ile ameiona mara mia.
Alipatikana asubuhi kando ya mtaro.
Haikuwa begani.

Kibanda kilifungwa mwezi mzima.
Kilipofunguliwa tulilipa, tukaketi mbalimbali.
Steringi akafika ngazini. Mistari. Chenga.
Makokha akasimama, kofia mkononi, muda mrefu,
hadi mashine ya posho ikanyamaza kule nyuma.

"Hapandi," akasema.
"Anarudi. Anabisha hodi nyumba ya kwanza,
anasema, jamani, amkeni, hawa siwawezi peke yangu.
Na wanaamka. Huyu na tochi, huyu na panga,
yupo na mama mmoja na mwiko wake."
Hapo alinitazama. Au nilidhani.
"Wanakwenda wote, wakipiga kelele."

"Halafu?" akauliza mtoto wa Nyakio.
"Halafu wanamrudisha nyumbani. Anakunywa chai."

Wengine walidai pesa zao.
Aliwarudishia, akizihesabu polepole sana.

Juzi niliipata picha ile, nzima, kwenye simu.
Anapanda ngazi. Wote arobaini anawamaliza.
Jua linachomoza, bega linavuja,
barabara ndefu, naye anatembea, hana hata wa kumuuliza saa.

Nikairudisha nyuma mpaka ngazini.
Nikazima pale.